EKZOSI YA KELELE NA KABURETA YA KIWANDANI: STORI YA MIAKA 130 INAYOISHIA KWENYE KONA ZA BUNGU

Bungu jioni, boda unaisikia kabla hujaiona. Inakuja inaunguruma kutoka kona za chini, dereva akiachia resi inapiga pah! pah! kama fataki za mwaka mpya. Washkaji wa kijiweni wanaijua ni ya nani kabla hata taa haijatokea. Na kwa wasioijua, hii ni Bungu ya milimani, Usambara, wilaya ya Korogwe mkoani Tanga. Siyo ile Bungu ya Kibiti njia ya kwenda Kusini.

Mtaani watu wanaamini kitu kimoja: kelele ni moto. Ukitoa ekzosi ya kiwandani ukafunga ile fupi ya kung'aa, basi pikipiki imeongezewa nguvu. Ukweli ni kwamba ekzosi na kabureta ni milango miwili ya nyumba moja. Ukifungua wa nyuma, upepo wa mlango wa mbele nao unabadilika. Aliyebadili ekzosi bila kugusa kabureta kafanya kazi nusu, na hiyo nusu iliyobaki ndiyo inayoua injini.

Watu wamelijua hili siku nyingi sana, na stori yake ni tamu kuliko unavyodhani.

MWAKA 1893: RELI TANGA, KABURETA BUDAPEST

Mwaka 1885 Wajerumani wawili, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach, walitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na injini ya nguvu ya nusu farasi tu. Wengi wanakihesabu kama babu wa pikipiki zote. Shida ya injini za wakati ule ilikuwa ulishaji wa mafuta. Hewa ilipitishwa juu ya petroli iliyotulia, ikabeba mvuke, ikaingia kwenye injini. Leo unawaka, kesho unagoma, inategemea joto la siku hiyo.

Mwaka 1893 ndiyo mambo yakabadilika. Mainjinia wawili wa Hungaria, Donát Bánki na János Csonka, walisajili kabureta ya kupuliza mafuta kama marashi, na Maybach naye akaja na ya kwake mwaka huo huo. Kuna hadithi maarufu huko Budapest kwamba wazo lilikuja baada ya kumwona binti muuza maua akiyapulizia maji maua yake. Hadithi ni hadithi, ila kanuni yenyewe ni ya kweli: hewa ikipita kwenye njia iliyobanwa inakimbia, ikikimbia mgandamizo wake unashuka, na mafuta yanafyonzwa kupitia tundu dogo. Tundu hilo ndilo mafundi wanaliita jeti.

Sasa cheki ilivyokutana. Mwaka huo huo wa 1893, Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda Usambara. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902. Yaani wakati wazee wa huku wanabebeshwa mataruma, kile kidude ambacho leo kinamsumbua dereva wa Bungu kilikuwa ndiyo kwanza kimezaliwa Ulaya.

Miaka minne baadaye, 1897, ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, wakasajili kifaa cha kupunguza kelele za injini. Tangu hapo kabureta na bomba la moshi vikaanza kuishi pamoja. Kiwanda kinapima vyote viwili kwa mpigo mmoja: bomba hili, jeti namba hii.

MWAKA 1961: SIRI YA BOMBA ILIYOVUKA UKUTA

Kwa miaka mingi bomba lilionekana kama njia ya kutolea moshi tu. Aliyebadilisha mchezo ni Walter Kaaden, injinia wa kiwanda cha MZ kule Ujerumani Mashariki. Kwenye miaka ya 1950 alikuwa anahangaika na injini za mapigo mawili, zile za kuchanganya petroli na oili. Akaonyesha kwamba moshi ukitoka unasafiri kama wimbi, na bomba likichongwa kwa umbo na urefu sahihi, wimbi linarudi na kuyasukumia ndani mafuta mabichi yaliyotaka kutoroka. Bomba likageuka kuwa sehemu ya injini. Ila urefu ukikosea kidogo, au jeti isipolingana, pistoni inayeyuka.

Septemba 1961, wiki chache tu baada ya Ukuta wa Berlin kuanza kujengwa, dereva wa mbio wa MZ aitwaye Ernst Degner alitoroka akiwa kwenye mashindano Sweden. Familia yake ilitoroshwa ikiwa imefichwa kwenye gari. Akaenda kwa Suzuki, Japani, na siri za Kaaden kichwani. Mwaka 1962 Suzuki ikabeba ubingwa wa dunia wa daraja la 50cc, na aliyekuwa anaiendesha ni Degner mwenyewe. Baadaye pikipiki za Japani zikatapakaa duniani, hadi huku kwetu, kwa mabwana shamba na watu wa misheni waliozipandisha milimani kwenda vijijini. Na huo mwaka 1961 ndiyo mwaka Tanganyika ilipata Uhuru, tarehe 9 Desemba.

JINSI BODA ILIVYOPANDA MLIMA

Kwa muda mrefu pikipiki kijijini ilikuwa mali ya mkubwa. Raia wa kawaida alitembea, au alisubiri gari moja la asubuhi. Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa mpakani mwa Uganda na Kenya, pande za Busia, kwenye miaka ya 1960, na lilianza na baiskeli: vijana walikuwa wanavusha watu kutoka boda moja kwenda boda nyingine.

Kilicholeta mapinduzi ni bei. Mwaka 1976 Honda walitoa CG125, injini rahisi iliyotengenezwa makusudi kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki inabeba mzigo kupita kiasi na inaenda kwa fundi siku ikigoma tu. Wachina wakaiga muundo huo, wakautoa kwa majina kibao. Wahindi nao wakaja na Boxer na TVS. Kuanzia miaka ya 2000 zikamwagika Tanzania, na mwaka 2010 zikatoka kanuni za leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria. Milimani boda ikawa kila kitu: inabeba mgonjwa, ndizi, mbao, maharusi.

Na ilipokuwa ajira, ikawa pia fasheni. Stika, taa za rangi, redio, na hatimaye ekzosi ya kelele. Kumbuka hata jina letu la chombo hiki, pikipiki, limetokana na mlio wake. Waswahili walikipa jina kwa kukisikia. Kijana anayetaka yake isikike zaidi hajafanya kitu kigeni, ila hajaambiwa gharama yake.

HESABU YA MLIMA

Injini ya petroli inaunguza vizuri ikipata takriban gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya mafuta. Hewa ikizidi, mchanganyiko unaitwa mwepesi: injini inachemka, inakosa nguvu ghafla. Mafuta yakizidi, unaitwa mzito: moshi mweusi, plagi inajaa masizi, hela inaishia sheli.

Ukifunga ekzosi iliyo wazi, moshi unatoka kirahisi na hewa inaingia kirahisi, lakini jeti ni ile ile ya kiwandani. Mchanganyiko unaelekea kuwa mwepesi. Wengine wanang'oa na chujio la hewa ili "ipumue". Hapo wepesi unazidi mara dufu, na vumbi la barabara ya milimani linaingia moja kwa moja kusaga silinda.

Sasa ongeza mlima. Kila ukipanda mita 1000 hewa inapungua uzito kwa karibu asilimia 10, na kabureta haina akili ya kujua hilo. Kwa hiyo urefu wa mlima unafanya mchanganyiko kuwa mzito, wakati ekzosi ya wazi inaufanya kuwa mwepesi. Mambo mawili yanavutana, na huko juu yanaweza kukaribia kubalansi. Dereva anajaribu Bungu, anaona inachanganya fresh, fundi anasikiliza, anasema iko poa.

Mtego uko kwenye kushuka. Siku akipata abiria wa Korogwe mjini, anateremka bondeni ambako hewa ni nzito. Msaada wa mlima unaisha, ekzosi inabaki. Akishika lami ya kwenda Segera, resi mwisho, jua la mchana, watu wawili nyuma, injini inakimbia na njaa. Ukiona valvu imeungua au pistoni imetoboka, kosa linaweza kuwa lilifanyika mlimani siku ekzosi inafungwa, ila bili inaletwa bondeni.

Kuna na lingine ambalo wauzaji hawasemi. Kwenye injini ya 125 au 150, ekzosi fupi mara nyingi inapunguza mvuto wa chini, ile nguvu ya gia ya kwanza na ya pili. Na hiyo ndiyo nguvu inayohitajika kupandisha mama na gunia la viazi kwenye kona ya Usambara. Kijana anasikia kelele zaidi, anadhani kapata moto, huku mguu wake unashusha gia mapema kuliko zamani.

WANAOJUA WANAFANYAJE

Fundi anayejua hakimbilii bisibisi. Kwanza anaangalia gasketi pale ekzosi inapoungana na silinda hedi. Ikivuja, hewa ya nje inaingia, na ule mlio wa pah pah wakati wa kuachia resi unatokea hata kama kabureta haina kosa. Watu wengi wamechezea kabureta nzima nzima kumbe tatizo ni gasketi tu.

Pili, injini ipate moto kwanza. Kutyuni injini ya baridi ni kujidanganya.

Tatu, anagawa resi vipande vitatu. Kuanzia silensa mpaka robo ya resi, mwamuzi ni skrubu ndogo ya pembeni. Hapa wengi wanachemka: skrubu ikiwa upande wa chujio inaongoza hewa, kuifungua ni kupunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini inaongoza mafuta, kuifungua ni kuyaongeza. Katikati ya resi mwamuzi ni sindano: kwenye kabureta ambazo sindano ina vitundu, klipu ikishushwa kitundu kimoja, sindano inapanda na mafuta yanaongezeka. Resi mwisho mwamuzi ni jeti kuu, na yenyewe ina namba; namba ikipanda, mafuta yanaongezeka. Kwa hiyo kupiga pah pah kwa skrubu peke yake hakumwokoi mtu anayekimbiza resi mwisho kwenye lami.

Nne, anasoma plagi. Nyeupe kama chaki, mchanganyiko ni mwepesi, hatari. Nyeusi ya masizi makavu, ni mzito. Rangi ya kahawia, hapo sawa. Na kwa anayefanya kazi mlimani na bondeni, plagi isomwe bondeni, baada ya mwendo mrefu wa resi kubwa. Bora injini ile mafuta kidogo zaidi Bungu kuliko iungue Korogwe.

KINACHOCHEZEWA NI NINI HASA

Boda nyingi siyo mali ya anayeziendesha. Ziko kwenye mkataba: kijana anapeleka hesabu kwa tajiri kila siku, muda ukiisha pikipiki inakuwa yake. Injini ikifa katikati, tajiri anataka hesabu yake palepale, na fundi naye anataka hela ya silinda na pistoni. Ndoto ya miezi mingi inaweza kukatika kwa sababu ya bomba lililonunuliwa ili kijiwe kigeuke kuangalia. Hapo bado trafiki, na bado kanuni za mwaka 2015 za viwango vya kelele, na bado masikio ya dereva mwenyewe anayekaa juu ya mlio huo siku nzima.

Kabureta yenyewe iko kwenye miaka yake ya jioni. India, wanakotengeneza Boxer na TVS, kanuni za moshi za Aprili 2020 zimezisukuma pikipiki mpya za kwao kwenye mifumo ya umeme ya kupuliza mafuta, ambayo mingi inapima hewa yenyewe. Lakini zinazoletwa Afrika nyingi bado zina kabureta, na milimani bado bisibisi ndiyo kompyuta.

Kaaden alihitaji miaka kuelewa kwamba bomba ni sehemu ya injini. Kijana wa Bungu anahitaji mchana mmoja kwa fundi anayejua, jeti ya namba sahihi na plagi iliyosomwa bondeni. Au arudishe tu ile ekzosi ya kiwandani iliyolala chini ya kitanda, aendelee kupeleka hesabu.

Madereva wa Soni, Bumbuli, Mlalo, Korogwe na kote wenye milima: za kwenu zimefungwa nini, na plagi ina rangi gani? Dondosha komenti.