Ithibati ya Ofisi za Uchunguzi wa Vifo Nchini Marekani

Ithibati, yaani uthibitisho wa chombo cha kitaaluma kwamba ofisi fulani inafanya kazi yake kwa viwango vilivyokubaliwa, ilichelewa mno kuifikia kazi ya kuchunguza vifo vya ghafla, vya ajali na vya kutatanisha nchini Marekani, na chanzo cha kuchelewa huko kimo katika asili ya cheo chenyewe. Korona, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya taji, aliwekwa Uingereza mwaka 1194 katika utawala wa Richard wa Kwanza, na hakuwekwa ili ajue marehemu alikufaje, bali ili mfalme asipoteze haki zake: mali ya aliyejiua, shehena ya meli iliyovunjika, hazina iliyofukuliwa ardhini. Alitakiwa awe mtu wa hadhi na mwenye ardhi, udaktari haukutajwa. Walowezi wa Kiingereza waliovuka Atlantiki katika karne ya 17 walikwenda na cheo hicho kama kilivyokuwa, na baada ya uhuru kaunti nyingi zikakifanya cha kupigiwa kura, hivyo anayetafuta sababu ya kifo akawa mtu wa vyama.

Jimbo la Massachusetts ndilo lililotangulia kuachana na utaratibu huo, lilipofuta ukorona mwaka 1877 na kuweka mahali pake daktari mkaguzi wa vifo, yaani tabibu anayeteuliwa kwa ujuzi wake. Jiji la New York lilichukua miaka mingi zaidi. Uchunguzi ulioongozwa na Leonard Wallstein mwaka 1915 ulionyesha kwamba miongoni mwa waliowahi kuwa makorona jijini humo walikuwamo wazikaji wa kulipwa, wanasiasa, wenye baa na mafundi bomba, na kwamba vyeti vya vifo vilijazwa ovyo kiasi kwamba vingine havikuweza hata kumaliza shaka kati ya kujiua na kuuawa. Mtu aliyeuawa kwa sumu angeweza kuzikwa pamoja na ushahidi wake, na muuaji akabaki mitaani. Hilo si dogo, wala halikuwa kosa la mtu mmoja.

Sheria mpya ilipoanza kutumika mwaka 1918, Charles Norris alikuwa daktari mkuu mkaguzi wa kwanza wa jiji, na Alexander Gettler akaanzisha maabara iliyoujengea uchunguzi wa sumu msingi wa kisayansi. Norris, aliyetoka katika ukoo wa kitajiri, mara kwa mara alitoa fedha zake mwenyewe kununua vifaa ambavyo jiji lilikataa kuvilipia. Wema huo unastahili heshima, lakini ndani yake mna udhaifu ambao historia nzima ya ithibati ni jibu lake: ofisi inayosimama kwa mfuko na dhamiri ya mtu mmoja huondoka pamoja naye.

Kati ya Norris na ithibati alisimama mwanamke mmoja ambaye hakuwa daktari. Frances Glessner Lee alikiwezesha Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1931 kuanzisha idara ya tiba ya sheria, na katika miaka ya 1940 akatengeneza vyumba vidogo vya mfano, kila kimoja kikiwa na kifo chake, kwa kipimo cha sehemu moja kwa 12: mlango unafungika, kalenda iko ukutani, na soksi za marehemu zimefumwa kwa pini. Polisi waliofundishwa mbele ya vyumba hivyo, ambavyo 18 kati yavyo vimehifadhiwa Baltimore, walijifunza kutazama kwa utaratibu kabla ya kugusa chochote.

Utaratibu huohuo hatimaye uliandikwa. Chama cha Taifa cha Madaktari Wakaguzi wa Vifo kilianzishwa mwaka 1966, na katika miaka ya 1970 kikaanza kukagua ofisi na kuzipa ithibati. Mkaguzi huja na orodha ndefu ya maswali: je, kila maiti ina kitambulisho, viungo vinapimwa uzito, majokofu yanatosha, ripoti zinakamilika ndani ya siku 90? Kasoro hugawanywa katika daraja mbili, ndogo, ambazo chache huvumiliwa, na kubwa, ambayo hata moja tu huinyima ofisi ithibati kamili. Kipimo chenye uzito kuliko vyote ni hesabu ya upasuaji wa maiti: daktari mmoja anapendekezwa asizidishe 250 kwa mwaka, na akipita 325 kasoro huwa kubwa, kwa kuwa mikono iliyochoka hupitwa na jeraha dogo. Dawa za kulevya zilipoongeza vifo katika miaka ya karibuni, ofisi nzuri zilijikuta zikikaribia au kuvuka kikomo hicho kwa uhaba wa madaktari bingwa.

Hata hivyo, ithibati imebaki ya hiari. Mwaka 2009 Baraza la Taifa la Utafiti lilipendekeza kwamba fedha za shirikisho zielekezwe kwa ofisi zenye ithibati au zinazoitafuta, lakini hakuna sheria ya shirikisho inayoilazimisha kila ofisi, na katika kaunti nyingi za California sherifu ndiye pia korona, hata pale aliyekufa anapokuwa mahabusu wake mwenyewe.

Mizizi ya Kiingereza iliyoota Massachusetts iliota pia Afrika Mashariki kupitia sheria za kikoloni, na mwaka 2017 Kenya ilitunga sheria ya kuunda huduma ya taifa ya makorona, itakayochunguza vifo vya ghafla, vya nguvu na vya walio kizuizini. New York ilianza na mtu mwema, na ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya orodha ya ukaguzi kuandikwa. Wanaoandaa kanuni za huduma ya Kenya wana orodha hiyo tayari, waanze nayo.