Kuingia mara moja: mwizi anaweza kupita bila kujua neno la siri

Mu mashirika, ku univerisite na ku benki, wafanyakazi wengi wanaandika neno la siri mara moja tu asubui. Kisha, barua, faili na hata karatasi za mshahara zinafunguka bila kuuliza tena. Mlango ni moja kwa vyumba vyote.

Ginsi inatumika: ordinatere kubwa ikisha kuhakikisha mtu, inamtolea tikiti ya siri. Kila programu inaangalia tikiti hiyo, haiombe tena neno la siri.

Hatari iko hapo. Mwizi akinasa tikiti wakati inapita mu mtandao, anaweza kuituma tena vile iko, na programu inamdhania mwenyewe. Ni sawa na mtu mwenye kufotokopi karatasi ya kupita ku bariere: mlinzi asipoangalia tarehe na namba, watu wawili watapita na karatasi moja.

Shida hii ilijulikana zamani. Mwaka 1978, Roger Needham na Michael Schroeder walitangaza njia ya kuhakikisha watu mu mtandao. Mwaka 1981, Dorothy Denning na Giovanni Sacco walionyesha kama ufunguo wa zamani ulioibiwa ungeweza kutumika tena, wakashauri kuandika saa ndani ya ujumbe. Programu Kerberos, iliyotengenezwa ku MIT, Marekani, mu miaka ya 1980, ilifuata shauri hilo: kwa kawaida, ujumbe wenye kupitisha tofauti ya dakika 5 unakataliwa.

Lakini saa peke haitoshi. Mu zile dakika 5, mwizi mwepesi anaweza kupita. Ndiyo maana programu inapaswa pia kukumbuka kila ujumbe iliokwisha kupokea, na kukataa ule unaorudi. SAML, njia ingine ya kuingia mara moja, inaweka namba ya pekee na saa ya mwisho ku kila ujumbe. Programu yenye kuangalia sahihi tu, bila kuchunga namba, inaacha mlango wazi.

Ku biro kwenye umeme unakatika-katika, kuko mtego mwingine. Pile ndogo ya ndani ya ordinatere ikikufa, tarehe inarudi nyuma, na mfanyakazi anakataliwa hata kama neno lake la siri ni la kweli. Fundi anaweza kujaribiwa kugeuza dakika 5 kuwa saa nzima. Pale anamwongezea mwizi wakati. Dawa ni kubadilisha pile na kurekebisha saa.