Ufadhili na Umiliki wa Mandhari ya Umma: Bustani ya Uhuru na Msitu wa Karura, Nairobi, 1989–2025

Historia ya uhifadhi wa mandhari jijini Nairobi imezoeleka kusimuliwa kama historia ya ushujaa. Katika masimulizi hayo, Wangari Maathai na wenzake waliikabili dola, wakatukanwa, wakapigwa, na hatimaye miti ikabaki. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yanaacha swali moja bila jibu. Baada ya unyakuzi kuzuiwa, nani alibeba gharama ya kuyatunza maeneo yaliyookolewa, na gharama hiyo ilimpa mlipaji mamlaka gani? Insha hii inalifuatilia swali hilo katika Bustani ya Uhuru na Msitu wa Karura. Hoja yake kuu ni kwamba chanzo cha fedha hakikuwa suala la pembeni la utawala, bali kilichangia kuamua, katika kila kipindi, umma ni nani na una haki gani juu ya ardhi yake.

Bustani ya Uhuru ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969. Ikiwa na takriban hekta 13 kando ya kitovu cha jiji, iligeuka kuwa mahali pa mapumziko kwa watu wasio na bustani majumbani mwao, na pia uwanja wa mikutano ya hadhara. Haikutoza kiingilio. Utunzaji wake ulitegemea bajeti ya serikali ya jiji, na kwa sababu hiyo ulitegemea pia hiari ya wanasiasa. Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 1989, ulipotangazwa mpango wa kujenga ndani ya bustani jengo la ghorofa 60 la Kenya Times Media Trust, taasisi iliyokiunganisha chama tawala cha KANU na mchapishaji wa Uingereza, Robert Maxwell. Gharama ilikadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 200, na sehemu kubwa ilitarajiwa kutokana na mikopo ya nje.

Upinzani wa Maathai ulikuwa na sura mbili. Sura ya kwanza ilikuwa ya kisheria, nayo ilishindwa: Desemba 1989 Mahakama Kuu iliitupa kesi yake kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki kwa niaba ya umma, kazi iliyohesabiwa kuwa ya Mwanasheria Mkuu peke yake. Sura ya pili iliugusa mkopo wenyewe. Katika barua alizowaandikia viongozi na watu wa nje, Maathai aliuliza kama bustani ya namna hiyo ingeweza kujengewa mnara katika miji ya nchi zilizotarajiwa kutoa fedha, na ni kwa nini nchi yenye madeni iongezewe deni kwa ajili ya jengo la fahari. Wawekezaji na wakopeshaji walisita, mradi ukasimama, na mwaka 1992 uzio uliokuwa umezungushwa kwenye eneo hilo ukaondolewa.

Ushindi huo una utata ambao haustahili kupuuzwa. Bustani iliokolewa, lakini si kwa sababu sheria ya nchi ilimtambua mwananchi kuwa mwenye mali. Iliokolewa kwa sababu fedha za nje zilikosekana. Iwapo wakopeshaji wangekuwa na moyo mgumu zaidi, hukumu ya mahakama isingewazuia. Ilichukua zaidi ya miaka 20 kwa pengo hilo kuzibwa kikatiba. Kifungu cha 70 cha Katiba ya mwaka 2010 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira bila kuthibitisha hasara yake binafsi. Katiba hiyo ilitangazwa rasmi tarehe 27 Agosti 2010, katika Bustani ileile ya Uhuru.

Msitu wa Karura ulikuwa na historia tofauti. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1932, chini ya utawala wa kikoloni, na sehemu yake ilipandwa mikaratusi. Tangu mwanzo, basi, hifadhi hiyo ilihesabiwa pia kwa mazao yake. Katika miaka ya 1990 hesabu hiyo ilibadilika: thamani ya ardhi ilipanda kuliko thamani ya miti, na vipande vya msitu wenye zaidi ya hekta 1,000 viligawiwa waendelezaji kwa siri. Tarehe 8 Januari 1999 Maathai na wenzake, waliokwenda kupanda miti, walishambuliwa na walinzi wa kukodiwa. Maandamano ya wanafunzi yalifuata, na mwezi Agosti mwaka huo Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Marufuku, hata hivyo, haikuajiri mlinzi wala kukarabati njia. Kwa miaka takriban kumi Karura ilibaki msitu uliookolewa na kuogopwa, maficho ya wahalifu na mahali pa kukata miti ovyo. Mabadiliko yalitokana na Sheria ya Misitu ya mwaka 2005, iliyounda Shirika la Huduma za Misitu na kuziruhusu jamii kuunda vyama vya kushiriki katika usimamizi. Chama cha Marafiki wa Msitu wa Karura kilianzishwa mwaka 2009. Uzio wa umeme ulijengwa kwa michango ya watu binafsi na taasisi, walinzi wakaajiriwa kutoka makazi ya jirani, na mwaka 2011 msitu ukafunguliwa kwa wageni kwa kiingilio.

Mafanikio hayo hayana ubishi, lakini yaliyaweka masharti mapya. Karura inapakana na mitaa ya matajiri, na vilevile na makazi ya watu maskini waliozoea kupata kuni humo. Sheria iliwahifadhia wanachama wa vyama vya jamii haki ya kuokota kuni, kukusanya dawa za miti shamba na kurina asali. Hata hivyo, haki iliyopitia kwenye lango si sawa na haki ya mazoea. Kiingilio cha shilingi 100 kilichotozwa awali kilikuwa kidogo kwa mkimbiaji wa asubuhi. Kwa kibarua mwenye watoto wanne kilikuwa sababu ya kubaki nyumbani Jumapili. Uzio uliomzuia mnyakuzi ulimpima pia jirani.

Aidha, mapato ya lango yalizua swali la umiliki. Mwaka 2025 Shirika la Huduma za Misitu lilipoagiza malipo yote yapitie mfumo wa serikali wa eCitizen, Marafiki wa Msitu wa Karura walipinga wakitetea makubaliano ya usimamizi wa pamoja. Kila upande ulikuwa na hoja nzito. Fedha zinazotolewa na umma katika ardhi ya umma zinapaswa kukaguliwa na dola. Lakini dola hiyohiyo ndiyo iliyougawa msitu huo katika miaka ya 1990, na fedha zikishaingia katika hazina kuu hakuna uhakika kwamba zitarudi kumlipa mlinzi wa Karura.

Mifano hii miwili inaonesha kwamba hakuna chanzo cha fedha kisicho na madai yake. Bajeti ya serikali iliiacha Bustani ya Uhuru wazi kwa kila mtu, lakini wazi pia kwa mnyakuzi. Kiingilio na michango viliilinda Karura, lakini vilimweka mlipaji mbele ya mwenye mali. Kwa hiyo, mjadala wa ufadhili haupaswi kuishia kwenye swali la fedha kiasi gani zimepatikana. Unapaswa kuhoji pia ni nani aliye na nguvu ya kisheria ya kudai hesabu ya fedha hizo, na kama mtu asiye na fedha ya kiingilio mfukoni bado anahesabiwa miongoni mwa wenye nguvu hiyo.