Bendera Mbili za Mcheza Kalingi

Tarehe 20 Februari 2022, mjini Beijing, wanawake watano walitwaa dhahabu ya Olimpiki ya Majira ya Baridi baada ya kuifunga Japani 10–3. Wote watano walikuwa Waskoti, lakini dhahabu hiyo iliandikwa kwa jina la Uingereza, na ndiyo pekee ambayo Uingereza iliipata katika michezo ile. Nahodha wao alikuwa Eve Muirhead. Kwetu Shumba, kaskazini mwa Pemba, barafu tunayoijua ni ya kuhifadhia samaki. Hata hivyo naamini safari ya mchezaji huyu inatuhusu Wazanzibari kuliko inavyodhaniwa.

Mchezo wenyewe unaitwa kalingi. Mchezaji hulitelezesha jiwe la takriban kilo 20 juu ya barafu kuelekea kwenye duara liitwalo nyumba, na wenzake hufagia barafu mbele yake ili liende mbali zaidi na lisipinde upesi. Ulizaliwa Uskoti, na Waskoti waliuundia chama chao mjini Edinburgh mwaka 1838.

Muirhead alizaliwa mwaka 1990, baba yake akiwa mfugaji wa kondoo ambaye naye aliichezea Uskoti katika mashindano ya dunia. Alitwaa ubingwa wa dunia wa vijana mara nne. Akiwa na miaka 19 tu aliiongoza timu ya Uingereza katika Olimpiki ya Vancouver ya 2010. Mwaka 2013 alikuwa bingwa wa dunia, mwaka 2014 akapata shaba ya Olimpiki huko Sochi, na mwaka 2018 akashika nafasi ya nne baada ya kushindwa na Japani. Mwaka 2021 mambo yalimwendea kombo: Uskoti haikumaliza miongoni mwa timu sita za juu duniani, hivyo tiketi ya moja kwa moja ya Beijing ikapotea. Novemba mwaka huo aliipa Uskoti ubingwa wa Ulaya. Desemba aliivaa jezi ya Uingereza katika mashindano ya kufuzu yaliyofanyika Leeuwarden, Uholanzi, akafuzu. Agosti 2022 alistaafu.

Hapa ndipo penye somo. Katika mashindano ya dunia na ya Ulaya, Muirhead alicheza chini ya bendera ya Uskoti. Katika Olimpiki, chini ya bendera ya muungano, ambayo yeye mwenyewe ni mmoja wa wawili walioibeba siku ya ufunguzi Beijing. Uskoti iliungana na England mwaka 1707 na haina kiti Umoja wa Mataifa wala katika Kamati ya Olimpiki. Lakini matokeo ya Uskoti katika mashindano ya dunia ndiyo yanayohesabiwa kuipa Uingereza nafasi ya Olimpiki. Daraja kati ya bendera hizo mbili limejengwa kwa kanuni. Mchezaji anajua mapema jezi ipi ataivaa wapi, na jasho alilolimwaga chini ya moja halipotei anapoivaa nyingine.

Sasa tujitazame. Michezo haimo katika orodha ya Mambo ya Muungano, ambayo ilianza na mambo 11 mwaka 1964 na leo ina 22. Ndiyo maana Zanzibar ina wizara yake ya michezo na chama chake cha soka. Lakini Mambo ya Nje yamo. Jambo ambalo si la Muungano ndani ya visiwa linageuka kuwa la Muungano mchezaji anapofika uwanja wa ndege. Machi 2017 Shirikisho la Soka Afrika, CAF, liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wa 55. Julai mwaka huo huo likaufuta uanachama huo, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Desemba, katika mashindano ya CECAFA nchini Kenya, vijana wetu waliifunga Tanzania Bara, wakafika fainali, wakashindwa na Kenya kwa penalti tu.

Wapo wanaosema Uskoti ni kongwe, ilijiunga na FIFA mwaka 1910, na mlango ule umeshafungwa. Hoja hiyo ina uzito kuhusu soka. Haijibu suala la kalingi, kwa kuwa Olimpiki haikuipa Uskoti kiti chochote. Waskoti na wenzao walikaa wakaandika utaratibu. Hilo halihitaji ridhaa ya Cairo wala Zurich. Linahitaji mabaraza mawili ya michezo, la Bara na la Zanzibar, yaandike wazi namna matokeo ya mashindano ya Zanzibar yanavyohesabiwa katika kuchagua timu za taifa, nani anakaa kwenye kamati ya uteuzi, na mwanariadha wa Micheweni akinyimwa haki akate rufaa wapi.

Tumezoea kuujadili Muungano kwa lugha ya madola na mamlaka. Kijana mwenye miaka 19 ana muongo mmoja tu wa kucheza, na muongo huo hauwezi kungoja Katiba mpya. Kanuni za kurasa chache zinaweza kuandikwa mwaka huu.