Wake wa Msituni

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Sierra Leone vilianza Machi 1991, wapiganaji wa Revolutionary United Front walipovuka mpaka kutoka Liberia, na vikatangazwa kuwa vimekwisha Januari 2002. Lakini kwa wanawake wengi wa nchi ile tarehe hiyo ya mwisho ilinyamazisha bunduki tu. Vita vyenyewe viliingia nao nyumbani.

Maelfu ya wasichana walitekwa vijijini mwao wakagawiwa wapiganaji. Aliyegawiwa aliitwa mke, ingawa hakuposwa, mahari hayakutolewa, wala wazazi wake hawakuulizwa. Kazi yake ilikuwa kupika, kufua, kubeba mizigo, kulala na mume asiyemtaka, na kuzaa. Baadhi yao walipewa na bunduki pia. Jina la mke lilikuwa kifuniko cha utumwa. Na kwa kuwa ni jina la heshima, lilimganda kuliko pingu.

Amani ilipokuja ilihesabu silaha. Watu zaidi ya 72,000 walizisalimisha, wakaandikwa ili wasaidiwe kuanza maisha mapya. Wanawake hawakufika mmoja katika kila kumi. Wengi wao walikuwa wapishi na wachukuzi, na asiye na bunduki ya kuonyesha aghalabu hakuandikwa. Basi mtekaji aliweza kurudi kwao na fedha na mafunzo ya kazi, hali mtekwa alirudi na mtoto mgongoni.

Huko kijijini wako waliopokewa kwa machozi ya furaha, na wako waliopokewa kwa shaka. Huyu wa pili alionekana kuwa mwasi, na mwanawe akaitwa mtoto wa waasi. Usiku alishtuka usingizini. Mchana alinyamaza, kwa maana kusimulia yaliyompata kulikuwa ni kujifungia mlango wa posa. Wengine walibaki na watekaji wao, si kwa mapenzi, bali kwa kukosa mlango mwingine wa kubisha. Hivyo jeraha la moyo halikuweza kutengwa na jeraha la kuishi na watu: kimya kilichomsitiri mbele ya majirani ndicho kilichomla ndani.

Mahakama Maalumu ya Sierra Leone ilichukua muda kulitambua jambo hilo. Mwaka 2007 majaji waliona kwamba ndoa hizo zimo ndani ya kosa la utumwa wa kingono. Februari 2008 majaji wa rufani walikataa, wakasema kumlazimisha mtu kuwa mke ni dhuluma ya peke yake dhidi ya ubinadamu, kwani aibu ya jina hilo humfuata hata akiisha kuwa huru. Mwaka 2009 viongozi watatu wa waasi walitiwa hatiani kwa kosa hilo. Mwaka 2012, katika kesi ya Charles Taylor, aliyekuwa Rais wa Liberia, majaji walilikosoa hata neno ndoa, wakaona yafaa kusema utumwa wa unyumba.

Wala tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mtumwa aliyekombolewa hupokewa. Mke wa adui huulizwa alifuata nini. Kwa hiyo atakayeandika historia ya vita hivyo na aangalie sana amwite nani mke.