Umbali Ndio Uliozaa Utani

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Wengi huitumia methali hiyo kuonyesha kuwa ndugu aliye mbali hana msaada. Ni kweli. Lakini wazee wetu hawakuishia kulalamika. Pale ndugu aliposhindwa kufika, walimtafuta mwingine wa kushika nafasi yake.

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilitoka Ujiji na Tabora kwenda Bagamoyo. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Haikuwa safari ya siku mbili. Mwaka 1857 Mwingereza Richard Burton alitumia siku zaidi ya 130 kutoka pwani hadi Tabora.

Sasa mfikirie mpagazi aliyeugua akiwa Uzaramo. Mama yake yuko Unyamwezi, mwendo wa miezi. Nani atampa maji? Akifa, nani atamzika? Hapo ndipo utani wa makabila, kama huu wa Wanyamwezi na Wazaramo, ulipokuwa na kazi. Si utani wote uliotokana na safari; mwingine ulizaliwa na vita vilivyokwisha kwa suluhu. Lakini njia ya misafara iliupa nguvu kubwa. Mtani aliingia nyumbani kwa mtani wake, akala, akatukana, hata akaondoka na kuku, na hakuna aliyemkasirikia. Msiba ulipotokea, mtani ndiye aliyeshughulika na mazishi huku akiwatania wafiwa. Matusi yale hayakuwa mchezo mtupu. Aliyepewa ruhusa ya kukutania alibeba pia wajibu wa kukuzika.

Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku chache, na misafara ikafa. Utani haukufa. Ulihamia kwenye mashamba ya mkonge na mitaa ya Dar es Salaam, kwa sababu huko nako mtu alikuwa mbali na kwao.

Leo simu ya mkononi huleta rambirambi kutoka Mwanza kwa dakika moja. Ni jambo jema. Hata hivyo, simu haichimbi kaburi wala haibebi jeneza. Wazee wetu walijua kwamba aliye mbali na kwao anahitaji mtu wa karibu, wakamfunga mtu huyo kwa desturi ili asikwepe. Sisi tunaopanga ukuta kwa ukuta, na mwaka unakwisha hatujuani majina, tumeweka nini mahali pa desturi hiyo?

Anza na jirani yako jioni ya leo.