Taa ya jikoni na mzizi wa tarakilishi

Haya wasomaji, leo programu naziweka kando tuongee kuhusu swichi za taa. Usikimbie, tutafika kwenye tarakilishi kabla chai yako haijapoa.

Hebu fikiria jikoni kwenye milango miwili. Unataka kuwasha taa ukiingia kwa mlango mmoja na kuizima ukitokea ule mwingine. Swichi mbili za kawaida zimeshindwa hapo. Ukiziunga moja baada ya nyingine, taa inawaka zote zikiwashwa tu. Ukiziunga sambamba, taa haizimiki mpaka uzizime zote mbili. Ukiwa umeandika programu hata kidogo, umeshatambua "na" na "au".

Fundi ana dawa yake: swichi zenye skrubu tatu nyuma. Umeme unaingia kwenye skrubu ya pamoja ya swichi ya kwanza, nyaya mbili zinakwenda hadi swichi ya pili, na skrubu ya pamoja ya hiyo ya pili inaupeleka umeme kwenye taa. Kila swichi kazi yake ni kuchagua waya mmoja kati ya hizo mbili. Zikichagua waya uleule, taa inawaka, zikitofautiana, inazimika. Mlango wa tatu ukiwepo, hizo nyaya mbili zinapitishwa kwenye swichi yenye skrubu nne, ambayo ama inaziacha zipite zilivyo, ama inazikatisha zibadilishane. Milango minne au kumi? Ongeza swichi za katikati tu.

Sasa historia yenyewe. Mwaka 1854 Mwingereza George Boole, aliyekuwa akifundisha huko Cork, Ireland, alichapisha kitabu chake kikubwa kuhusu hesabu za fikra: kweli ni 1, si kweli ni 0, na sentensi zinakokotolewa kama namba. Alifariki mwaka 1864, miaka 15 kabla ya taa ya Edison. Mafundi nao wakaja kuwasha taa za ngazi juu na chini bila kumhitaji Boole hata siku moja.

Wawili hawa, fundi na mwanahesabu, walikaa mbalimbali hadi miaka ya 1930. Japani, mhandisi Akira Nakashima wa NEC alianza kuandika kuhusu hesabu za saketi. Marekani, Claude Shannon alimaliza Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1936 akiwa na digrii ya hesabu na ya uhandisi wa umeme, kisha akaenda MIT kuhudumia mashine ya kukokotoa ya Vannevar Bush. Mashine hiyo iliongozwa na relei zaidi ya 100. Relei ni swichi inayobonyezwa na umeme badala ya kidole. Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 21, Shannon aliandika tasnifu ya uzamili akaonyesha kwamba saketi za swichi zinafuata hesabu za Boole.

Humo alichora pia saketi ya kujumlisha namba za 0 na 1. Tazama: 0 na 0 ni 0, 1 na 0 ni 1, 1 na 1 unaandika 0 na kubeba 1. Tarakimu unayoandika ni 1 pale tu hizo mbili zinapotofautiana. Ni ile ile taa ya jikoni, ila swichi moja imegeuzwa juu chini! Waandishi wa programu tunaiita XOR.

Kuna utamu zaidi. Shannon alionyesha kuwa kazi hiyo, kwa swichi n, inajengeka kwa migusano 4(n−1). Hesabu jikoni kwenye milango mitatu: swichi mbili za mwisho zina migusano 2 kila moja, ya katikati ina 4. Jumla 8. Fundi alikuwa ameshafika.

Kwa hiyo sisi wenye digrii tusimwone fundi kama mtu wa kushika bisibisi tu. Maarifa yalikuwa mikononi mwake na pia kwenye kitabu cha Boole, na ilipita miaka 83 hadi Shannon akayakutanisha. Leo kila tarakilishi inajumlisha kwa mantiki ile ile.

Ukitaka kuyaona kwa macho, mwite fundi, azime umeme kwenye swichi kuu, akufungulie ile swichi ya jikoni. Muulize maswali.